Mwaka wa Glavu za Bi Zuhura

Tulimzika kaka Gwakisa mwezi uliopita kule Makwale, katikati ya mikakao aliyoipanda mwenyewe, mvua ikinyesha tangu asubuhi kama inavyonyesha kwetu, bila kujali nani ana shughuli gani. Msemaji wa ukoo alisoma maisha yake kutoka kwenye karatasi aliyoifunika kwa mfuko wa nailoni. Akasema marehemu alikuwa bondia, alipigana Mbeya, Dar es Salaam na hadi Blantyre, na kwamba katika pambano lake la mwisho mpinzani kutoka Karonga alimwogopa akakimbia hata kabla ya kengele. Watu wakacheka, kile kicheko kidogo cha msibani ambacho kila mtu hukihitaji. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani na wanawake, bega kwa bega na mjane wake, dada Yusta. Yeye hakucheka. Aliniwekea mkono gotini akauacha pale mpaka msemaji alipomaliza. Katika umati ule wote, sisi wawili tu ndio tuliojua kwamba hakuna aliyemkimbia Gwakisa, na kwamba mimi ndiye niliyefanya pambano lile lisipiganwe.

Mwaka wa pambano hilo nilikuwa na miaka ishirini na saba. Jinsi nilivyofika mjini Kyela si habari ya leo. Itoshe kusema nilikuwa natafuta kazi, na Bi Zuhura alikuwa anatafuta mtu wa kumwachia banda lake la video pale Mbugani. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, maduka yetu yalipojaa vitu ambavyo hatukujua tulikuwa tunavihitaji: redio zenye taa za rangi, maua ya plastiki, televisheni zilizofika zikiwa zimefungwa kwenye mablanketi. Bi Zuhura alikuwa mfanyabiashara wa mpakani. Dada yake aliolewa Karonga, Malawi, na kila wiki alivuka mpaka wa Kasumulu na vitenge, sabuni na lolote ambalo upande mmoja walikuwa nalo na upande wa pili walilitamani. Banda lenyewe lilikuwa stoo ya mpunga ya zamani. Hata baada ya miaka ya video bado lilinuka pumba, na ukiburuta benchi vumbi lake lilipanda mpaka kwenye mwanga wa kioo cha televisheni. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi ya kijivu ili mchana uwe giza. Mvua ikipiga bati hatukusikia neno lolote la sinema, basi watu waliendelea kutazama midomo ikichezacheza, wakijitungia maneno yao wenyewe kwa Kinyakyusa, na mara nyingi maneno yao yalikuwa matamu kuliko ya wenyewe.

Siku moja alirudi kutoka ng'ambo na kasha la kadibodi lililolowa pembe. Ndani mlikuwa na kiboksi cheupe cha kuchomeka kwenye televisheni na jozi mbili za glavu za plastiki, moja nyekundu, moja ya kijani, kila moja na waya mrefu. "Mchezo wa ngumi," alisema. "Hubonyezi kitu. Unarusha ngumi mwenyewe, na mtu wa kwenye kioo anarusha." Sikumwamini. Nikavaa zile nyekundu, nikasimama katikati ya banda tupu, nikarusha mkono kama ninayefukuza kuku, na kweli, yule kibonge wa kwenye kioo naye akarusha. Nilipiga kelele hadi fundi cherehani wa jirani akaja kuchungulia.

Kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kukaa na kitu kile kutwa, nilikijua kuliko mtu yeyote wa Kyela. Nilijua kwamba ngumi ya kioo ilichelewa kidogo nyuma ya ngumi ya mkono, kama mtu anayekujibu kutoka chumba cha pili. Nilijua kwamba mashine haikutofautisha ngumi ya kuzunguka na ya kunyoosha. Kwake zote zilikuwa mtikiso. Ukubwa wa mwili haukuhesabiwa, wala miguu. Ungeweza kucheza umeketi kwenye ndoo. Na nilijua siri ya kushinda, ambayo ilikuwa kutulia. Ukiinua glavu zote mbili mbele ya uso na kuzituliza kabisa, mtu wako alijikinga na hakuna konde lililompata. Ukizitikisa hata kidogo, alishusha mikono na kuachia uso wazi. Kwa hiyo wenye nguvu walipigwa vibaya. Mvuvi mmoja wa Mwaya mwenye mabega kama ya ng'ombe wa kulimia alitupa ngumi mpaka akapumua kwa mdomo, akaangushwa na mama mmoja muuza vitumbua aliyekuwa akichokoza kwa kifundo cha mkono tu, kisha anatulia, anachokoza, anatulia, kama anayegeuza vitumbua vyake. Watu walijaa kila alasiri. Wengi hawakuja kucheza, walikuja kucheka.

Gwakisa alikuja wiki ya pili. Nilimfahamu kwa sifa kama kila mtu mjini: mrefu, mpole, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, mwenye pua iliyovunjika mara mbili. Alikuwa anakaribia miaka arobaini na alikuwa bado akifanya mazoezi asubuhi kwenye barabara ya Makwale, taulo shingoni. Aliingia akainama kupita mlangoni, akatusalimia wote. "Mugonile." Watu wakampisha hadi mbele. Alizitazama glavu za plastiki kwa tabasamu, akazivaa kwa heshima, akasimama. Sijawahi kuona mtu akisimama vizuri vile. Mguu wa kushoto mbele, kidevu ndani, mwili wote umepangwa. Halafu mtu wake wa kwenye kioo akaanza kupigwa. Gwakisa aliinua mikono kujikinga, na mtu wake akashusha. Akainua tena, akashusha tena. Katika raundi ya pili akaanguka. Vicheko vilivyotoka mle vilisikika sokoni. Alicheka pia, akavua glavu, akanirudishia. "Ndaga fijo, mdogo wangu," akanishukuru. "Hiki kitu chenu hakijui ngumi."

Alirudi kesho yake. Akarudi siku nne mfululizo. Muuza vitumbua alimpiga, fundi cherehani alimpiga, na mzee mmoja wa kanisani ambaye hakutaka jina lake litajwe alimpiga. Nilimwonea huruma, nikadhani glavu nyekundu ina kasoro, nikampa ya kijani. Ikawa vilevile. Nikamwomba asubiri, nikazivaa zilezile zikiwa bado na joto la mikono yake, nikazituliza mbele ya uso. Mtu wangu akajikinga bila tatizo. Nikamrudishia, akaziinua, na mtu wake akaanza kutikisa kichwa na kurusha vingumi vidogovidogo hewani, wakati Gwakisa mwenyewe amesimama wima kama nguzo. "Ona," akasema, "sijagusa." Watu wote walikuwa wanatazama kioo. Mimi, kwa sababu tu nilikuwa nimeshika waya, nilitazama mkono wake. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kinacheza, taratibu, kwa mpigo mmoja usiokatika, kana kwamba kuna mtu mwingine ndani yake anahesabu kitu. Hakuwa anakiona. Hakuwa anakisikia. Mashine ile duni, isiyojua ngumi, ilikuwa inakisikia.

Mpwa wangu mmoja anao mchezo wa siku hizi, wa kuvaa miwani kubwa usoni. Alinivalisha sikukuu iliyopita. Nilikiri kwamba umeboreka sana: ngumi ya kuzunguka inazunguka, ukichuchumaa mpinzani anakukosa, na konde halichelewi tena. Lakini ukipiga, mkono wako unapita hewani, haukutani na kitu. Nilimwambia hivyo akasema, "Shangazi, ukitaka kukutana na kitu kapigane kweli." Alisema kweli. Nimefikiri sana tangu siku hiyo juu ya vyombo hivi. Vinahesabu mwendo wa mkono, basi. Nani mwenye mkono, na mkono umepitia nini, si kazi yake. Pale Mbugani vile vicheko vyetu vyote vilikuwa vinamwangukia mtu ambaye ugonjwa ulikuwa umeshaanza kumla, na hakuna kati yetu aliyejua kwamba anacheka ugonjwa.

Nilingoja siku tatu kabla ya kumwambia Gwakisa. Nilimfuata nje alipokuwa anajikinga mvua chini ya kibaraza. Nilianza vibaya, nikasema, "Kaka, mashine si mbovu."

"Unamaanisha nini?"

"Mkono wako wa kulia unatetemeka. Ndiyo maana huwezi kujikinga."

Aliuinua mkono akautazama. Kama kwa makusudi, ukatulia. Akanionyesha pande zote mbili, kiganja na mgongo wake, kama mtoto anayekaguliwa kucha. "Uko wapi huo mtetemo?" Kisha sauti yake ikabadilika, akaniita kwa jina. "Tumpe, mimi nimepigana kabla hujajua kuandika. Usinifundishe mkono wangu." Akaingia mvuani. Hakurudi bandani kwa muda.

Nikaenda kwa mkewe. Yusta alikuwa Mkisi, wa kabila la ufukweni mwa ziwa, mfinyanzi, na siku za soko alipanga vyungu vyake juu ya majani makavu pembeni mwa wauza dagaa. Nilinunua chungu nisichokihitaji ili nipate sababu ya kuchuchumaa. Nilipomweleza hakuonyesha kushangaa. Aliendelea kufuta vumbi kwenye mdomo wa chungu kwa kidole kilicholoweshwa mate. "Mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya shati," alisema mwishoni. "Tangu Pasaka. Ananiambia amechoka, nami namwambia sawa. Asubuhi natengeneza uji mzito ili kijiko kisimwage." Nikamuuliza kwa nini hajampeleka hospitali. "Amesema atakwenda baada ya pambano." Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia kuna pambano.

Habari kamili niliipata mezani kwa Bi Zuhura. Nyuma ya banda alikuwa na chumba kimoja chenye meza ndefu, na kila mchana alilisha yeyote aliyekuwa karibu: wali wa Kyela unaonukia hadi barabarani, samaki mbasa wa kuchemsha kwa ndimu, majani ya maboga. Siku hiyo wageni wake walikuwa wafanyabiashara wawili wa Karonga. Nilikuwa natoa sahani, wakawa wanazungumza kana kwamba mimi ni sehemu ya ukuta. Watu wameanza kupenda ngumi kwa sababu ya mchezo ule, walisema. Sasa tuwape ngumi za kweli. Gwakisa dhidi ya Kondwani, bondia wa Karonga aliyewahi kumshinda Gwakisa kwa alama miaka kadhaa nyuma, kwa uamuzi ambao Kyela nzima iliuita wizi. Lingefanyika Jumapili alasiri, kwenye ukumbi, watu wa pande zote mbili waje. "Gwakisa amekubali kabla sijamaliza kusema," Bi Zuhura alisema huku akimchagulia mgeni wake kipande kinono. "Analisubiri kuliko sisi."

Walipoondoka nilimwambia kila kitu. Alinisikiliza, akanawa mikono polepole. Bi Zuhura hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. "Mwanangu," akasema, "mimi nikilivunja, nitamwambia nini? Kwamba mashine ya kuchezea imesema yeye mgonjwa? Atakufa kwa aibu kabla ya hiyo ngumi. Akisema mwenyewe hapigani, leo hii navunja. Mpaka aseme." Na mimi nilijua hatasema. Nilikaa na jambo hilo wiki mbili. Nilimwona akipita na taulo shingoni, akikimbia vizuri kabisa, miguu haina neno, na nikawa najiuliza kama si mimi mwenye kasoro. Kisha namkumbuka mtu yule wa kwenye kioo, akishusha mikono, uso wazi.

Kondwani aliwasili Ijumaa, siku mbili kabla. Alikuwa mfupi kuliko nilivyotarajia, mnene wa shingo, mcheshi. Kingonde chake na Kinyakyusa chetu ni lugha moja iliyokatwa na mto, kwa hiyo hadi jioni alikuwa ameshatania nusu ya soko. Hapo ndipo nilipofanya nililofanya. Nilimfuata alipokuwa anakunywa chai, nikamwambia kuna mchezo wa ngumi pale kwetu, kila bondia anayepita lazima aujaribu, na kesho saa nane nitautoa kwa ajili yake. Kisha nikamtuma fundi cherehani kwa Gwakisa na ujumbe kwamba Kondwani amesema atamshinda hata kwenye mashine. Kondwani hakuwa amesema hivyo. Niliutunga uongo huo nikiwa nafagia.

Jumamosi saa nane banda lilijaa hadi kwenye madirisha. Mablanketi yalifunuliwa na watu wakachungulia kutoka nje, mwanga ukaingia. Sikuwazuia. Nilikuwa nautaka ule mwanga. Wakavaa glavu, Gwakisa nyekundu, Kondwani kijani, wakasimama ubavu kwa ubavu wakikitazama kioo. Mwanzo ulikuwa wa mzaha. Kondwani alirusha ngumi za kila aina, mashine ikazigeuza zote kuwa moja, akaitukana kwa upendo. Kisha akajifunza, kama bondia anavyojifunza, akainua glavu akatulia. Mtu wake akajikinga kama mlango uliokomewa. Gwakisa naye akainua. Mtu wake akawa anatikisika, anarusha vingumi vyake vidogo hewani, anashusha mikono. Umati ukapasuka kwa kicheko. Kondwani akacheka pia, akageuka kumtania mwenzake, na macho yake yakashuka kutoka usoni hadi mkononi.

Kondwani hakutazama kioo tena. Wote waliobaki walikuwa wanatazama kioo, wakipiga kelele, na mtu wa Kondwani, kwa kuwa mwenyewe alikuwa ameshusha mikono, akaanza kupigwa na vile vingumi vya bahati. Akaanguka. Banda zima likaruka juu. Kyela imeshinda! Walimbeba Gwakisa, yeye anacheka na kusema jamani, jamani, niacheni, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kibarazani akanitazama kwa furaha. Kondwani alinipa glavu zake zimekunjwa waya vizuri. "Yeye anajua?" akaniuliza kwa sauti ya chini. Nikasema, "Anajua, na hataki kujua." Akatikisa kichwa. "Baba yangu mdogo alikuwa bondia," akasema. "Alianza hivyohivyo."

Jumapili asubuhi alimwambia Bi Zuhura kwamba ameteguka kifundo cha mkono, akavuka mpaka kabla watu hawajatoka kanisani. Alasiri ukumbi ulijaa hata hivyo. Mwamuzi alitangaza kwamba mgeni amejitoa, Gwakisa ameshinda, akamshika mkono wa kulia akauinua juu, na kwa kuwa aliushikilia kwa nguvu, ulionekana imara kama mti. Watu waliimba njia nzima. Waliimba kuhusu Kondwani mambo ambayo sitayaandika, na waliyaimba kwa miaka. Nilitembea nyuma yao. Nilikuwa nimemkinga mtu mmoja kwa jina la mwingine, na mwenye jina hakunipa ruhusa. Alilitoa mwenyewe, akaondoka.

Gwakisa alikwenda hospitali baada ya wiki mbili, kama alivyoahidi. Daktari alisema ni mishipa ya fahamu, kwamba kichwa kimepokea makonde mengi mno, kwamba haitapona ila itakwenda polepole, na kwamba konde moja zito zaidi lingeweza kuwa la mwisho. Yusta alinieleza haya akiwa amesimama mlangoni bila kuingia. Mashine nayo haikumaliza mwaka. Unyevu uliingia kwenye kiboksi, watu wa kwenye kioo wakawa wanapigana wenyewe bila mtu kuvaa glavu, na Bi Zuhura akaiweka juu ya kabati.

Ilikuwa karibu na Krismasi Gwakisa alipoingia bandani asubuhi, wakati sina mtu, nakunywa chai. Alikuwa na karatasi na kalamu mfukoni mwa shati. Akaketi benchi la mbele. "Wewe una mwandiko mzuri," alisema. "Niandikie barua." Nikasogeza ndoo, nikaweka karatasi juu ya ubao. Akasema polepole, nami nikaandika:

"Ndugu Kondwani. Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila mkono. Nimesikia wanavyokuimba huku. Nimewaambia waache, hawaachi, wanadhani najifanya mpole. Siku ile bandani nilikuona ukitazama. Nilikuona, nikajifanya sikuoni, kwa sababu walikuwa wamenibeba. Nimepigwa na watu wengi, lakini hakuna aliyewahi kuacha kunipiga kwa ajili yangu. Mke wangu anakusalimu. Ndaga fijo."

Alichukua kalamu atie sahihi. Ilimchukua muda mrefu. Herufi zilitoka zikiwa zimekunjamana kama uzi uliofumuliwa, na hakuficha mkono, aliuacha ufanye ulichofanya. Kisha akanirudishia kalamu.

"Weka na jina lako hapo chini."

"Jina langu la nini, kaka?"

"Wewe ndiye uliyemwita," akasema. "Fundi cherehani aliniambia zamani. Kondwani hakusema lolote kuhusu kunishinda. Yule mtu hajui hata kujisifu."

Nikaandika Tumpe, chini ya jina lake. Aliitazama karatasi, akaipuliza wino ukauke, akaikunja kwa msaada wa goti. Bi Zuhura angeivusha Jumatatu. Nje mvua ilikuwa imeanza, kwa hiyo hakuinuka. Nikamuuliza kama atakunywa chai akasema atakunywa. Nilipoinua birika akaniwahi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba sukari.

"Nijazie nusu tu," akasema, "nisijimwagie."